Maswali ya Wasomaji: Samaki gani ninunue bila kuimaliza bahari?

Toleo hili tumewapa nafasi wanunuzi wa samaki, kuanzia mama wa kapu pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hadi msomaji wetu wa Maskati. Karibu wote wanauliza jambo moja: mtu wa kawaida atajuaje kwamba samaki anayempeleka jikoni hakuvuliwa kwa njia inayoharibu bahari au ziwa? Samaki wengi wa masoko yetu hawana nembo ya kukueleza hilo. Mwili wa samaki unaeleza mengi, msimu unaeleza, na muuzaji naye ukimuuliza vizuri anaeleza. Majibu yetu yanaanzia hapo.

Habari za kazi wahariri. Kila Jumamosi naenda Feri kununua samaki wa wiki kwa watu sita. Nasikia samaki wanapungua, lakini sijui nimwache yupi nimchukue yupi. Naomba majina. — Mama wa watoto wanne, Temeke

Majina haya hapa, dada. Tanguliza vibua, dagaa mchele, sehewa, tasi na ngisi. Hawa hukua haraka, huanza kutaga wakiwa bado wadogo, na wakivuliwa kwa kiasi hujazia pengo upesi. Ngisi wengi wa pwani hawafikishi hata mwaka mmoja na nusu wa maisha yao. Kibua na tasi nao ni samaki wa miaka michache tu. Ndiyo maana bahari inawamudu kuliko inavyommudu chewa.

Changu nunua, ila mpime. Njia rahisi ni shubiri yako, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ukiwa umeutanua mkono. Kwa mtu mzima hiyo ni kama sentimita 20 au zaidi kidogo. Changu au tasi asiyefika shubiri, mara nyingi hajawahi kutaga hata mara moja. Ukimla huyo umemla yeye pamoja na watoto ambao angewaacha.

Chewa mfanye samaki wa sikukuu, asiwe wa kila wiki. Hukua polepole, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike kisha wakishakua wakubwa hugeuka kuwa madume. Kwa hiyo wavuvi wakiwamaliza wale wakubwa, mwamba unabaki na majike yasiyo na dume, na ukinunua wale wadogo wa sahani unachukua majike ambayo hayajataga. Ukubwa peke yake haukusaidii kwa samaki huyu. Kinachosaidia ni kumnunua mara chache.

Pono naye mpunguze. Ana mdomo kama wa kasuku, na kazi yake baharini ni kukwangua mwani uliotanda juu ya matumbawe. Pono wakiisha, mwani hufunika mwamba, matumbawe machanga hukosa pa kushika, na changu, tasi na kamba kochi wanaoishi hapo hupungua nao. Papa na taa tunashauri uwapunguze sana. Sababu tumezieleza mbele.

Angalia pia upepo. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, vyombo vinatoka nje ya miamba, na vibua, sehewa na jodari huwa wengi. Kusi likianza kuvuma kwa nguvu, wavuvi wenye ngalawa na mitumbwi hubaki ndani ya miamba, na uzito wote unawaangukia changu, tasi na pono wa humo ndani. Miezi hiyo ongeza dagaa wakavu na sato wa kufugwa. Dagaa mchele huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika hawapatikani na bei hupanda, kwa hiyo wanunue wakati wa giza, uwaanike au uwagandishe.

Kuhusu fedha, usitazame bei ya kilo tu. Kilo moja ya changu mzima ukimtoa minofu unabaki na kama gramu 350 hadi 400 za nyama. Kibua akitolewa matumbo na kichwa hukuachia zaidi ya nusu ya uzito wake, na dagaa analiwa mzima, mifupa kwa kichwa, pamoja na madini yake ya chokaa ambayo watoto wanayahitaji.

Jirani yangu hununua mafungu ya samaki wadogo mchanganyiko kwa sababu ni rahisi. Mume wangu anasema ni samaki wa kokoro na tusiwanunue. Atajuaje bila kuwepo ufukweni? — Msomaji, Tanga

Anajua, kwa sababu kila zana huacha alama yake.

Samaki wa mshipi ana tundu dogo au mchaniko pembeni mwa mdomo, na magamba yake yametulia. Wa dema, ule mtego wa kusukwa, hana alama yoyote: hakuchanika mdomo, hakuminywa, mara nyingi alitolewa majini akiwa hai. Wa nyavu ya kutega ana mstari uliobonyea nyuma ya matamvua au mabegani, pale alipokwama kwenye jicho la wavu, na samaki wa fungu zima hulingana ukubwa kwa sababu jicho la wavu ndilo lililowachagua. Wa bunduki au mshale ana tundu mwilini.

Kokoro haichagui. Inaburutwa juu ya nyasi bahari, mahali ambapo samaki wachanga wa aina nyingi hulelewa, na inazoa kila kitu. Fungu lake utalikuta na changu wa urefu wa kidole, kitasi kichanga, kangaja, vingisi vidogo na pengine kipande cha jani la nyasi bahari kimenasa kwenye matamvua. Magamba yamekwanguka na mara nyingi kuna mchanga mdomoni. Ukiona aina sita au saba ndani ya fungu moja na hakuna hata mmoja anayefika shubiri, mumeo yuko sahihi.

Zana hii imepigwa marufuku Tanzania. Kenya ilikataza juya, ndilo kokoro kwa jina la huko, pamoja na bunduki za kuchomea samaki mwaka 2001. Unafuu wa bei ya fungu lile unatokana na kuvuna samaki kabla hawajapata uzito. Changu yuleyule angeachwa akue angekuwa mlo wa mtu mzima. Kwa fedha hiyohiyo mwambie jirani achukue dagaa mchele. Hao ni wadogo kwa maumbile yao. Samaki mdogo aliyekwisha kukua na mtoto wa samaki mkubwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa.

Jambo moja la kuongeza kuhusu dema: kuna madema yaliyoachiwa mwanya wa sentimita 3 hadi 4 ili wachanga watoke. Yamejaribiwa pwani ya Kenya, na samaki wanaobaki ndani ni wakubwa na wenye thamani sokoni. Mvuvi wa dema la namna hiyo ukimpata, mshike.

Nitamtambuaje samaki aliyevuliwa kwa bomu? Naambiwa ukimbonyeza akiwa laini tu basi ni wa bomu. — Mkaanga samaki, Kigamboni

Ulaini peke yake haukutoshi, kaka. Samaki aliyekufa muda mfupi uliopita huwa mlegevu, baada ya saa chache hukakamaa, kisha hulegea tena anapoanza kuharibika. Ukitegemea kidole tu utamkataa samaki mzuri wa asubuhi na kumkubali wa bomu aliyekakamaa kwa barafu.

Kinachomuua samaki wa bomu ni mshindo unaosafiri ndani ya maji. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na hewa hiyo ndiyo inayominywa na kupasuka. Kwa hiyo ushahidi mkubwa uko ndani. Mwombe muuzaji akupasulie mmoja kabla hujanunua ndoo nzima, kisha angalia mambo haya.

Tazama kibofu, ule mfuko mweupe unaong'aa chini ya uti wa mgongo. Kwa samaki wa kawaida huwa umejaa au umesinyaa ukiwa mzima. Kwa wa bomu umechanika vipandevipande. Kisha tazama damu. Kama tumbo lote limejaa damu nyeusi iliyoganda na imelala kufuata uti wa mgongo, na huku samaki hana jeraha lolote nje, hiyo si kawaida. Pitisha kidole juu ya uti wa mgongo wenyewe: ukivunjika mahali, utasikia pengo au ncha kali. Mbavu nazo huachana na nyama na kuchomoza ndani ya tumbo. Kabla ya kumpasua unaweza kumshika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine. Aliyevunjika mgongo hukunjika mahali pamoja tu, katikati, badala ya kupinda mwili mzima.

Linganisha pia na macho na matamvua. Macho maangavu, matamvua mekundu, harufu ya bahari, lakini tumbo limevurugika na damu imetapakaa: hapo shuku bomu. Macho yameingia ndani, matamvua ya kahawia, harufu kali: huyo ameoza tu, na kuoza nako hulegeza tumbo. Wewe unayekaanga una dalili moja zaidi. Nyama ya samaki wa bomu huvunjikavunjika kwenye mafuta hata kama ni mbichi ya leo, kwa sababu nyuzi zake zilishachanika. Utapoteza vipande na mafuta, na wateja watakulalamikia.

Bomu moja huvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kurudi, na sehemu kubwa ya samaki waliokufa huzama bila kuokotwa. Ukigundua, usigombane na mchuuzi. Huenda yeye mwenyewe aliuziwa mnadani bila kujua. Kataa kununua, kumbuka ni chombo gani na siku gani, kisha toa taarifa kwa ofisa uvuvi wa soko, kikundi cha BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi) cha mwalo husika au polisi.

Mimi napenda pweza wadogo maana wakubwa wagumu kama viatu. Kuna ubaya gani? — Dada wa Mtoni, Unguja

Ubaya upo, na ugumu unatibika. Tuanze na ubaya.

Pweza wa mwambani huishi mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hivi. Jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa juu ya mayai bila kula, na mayai yakishaanguliwa anakufa. Ukimtoa kabla hajataga hakuna mara ya pili. Kwa upande mwingine, hakuna kitoweo cha bahari kinachonenepa haraka kama yeye: akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi hivi. Mvuvi anayemwacha pweza wa gramu 300 leo, mwezi ujao ana wa gramu 600. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Sokoni mweke juu ya mizani kabla ya kulipa. Mizani ikikosekana, pweza ambaye mwili wake wote unakaa ndani ya kiganja kimoja bila kumwagika ni mdogo mno.

Utaratibu huu unafanya kazi. Huko Andavadoaka, Madagascar, wanakijiji walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache kisha kuifungua, na mfano huo ulifuatwa mahali pengi, pamoja na Songosongo kule Kilwa na Kisiwa Panza kule Pemba. Ukisikia mwamba fulani umefunguliwa, siku hizo nunua pweza. Ni wakubwa, na fedha yako inawalipa watu waliovumilia kungoja. Muda wa kawaida wa kuwapata ni bamvua, maji yanapokupwa sana na watu kuweza kutembea mwambani. Maji mafu yakiwa yameshika na mtu anakuuzia pweza "wa leo", muulize amewapata wapi. Huenda ni wa kuzamia, huenda ni wa kwenye friza.

Sasa ugumu. Mgandishe saa 24 kamili, kisha myeyushe ndani ya friji. Barafu huchana nyuzi za nyama na kufanya ile kazi ya kumpiga chini. Mchemshe bila kuongeza maji wala chumvi, kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika 45 hadi 60 kwa pweza wa kilo moja. Kwa sufuria ya presha dakika 15 hadi 20. Mjaribu kwa uma pale mkono unapoungana na kichwa. Kosa la wengi ni kumtoa kwenye dakika ya 20, wakati amejikaza kabisa, na kudhani kwamba akiendelea kuchemka atazidi kuwa mgumu. Chumvi na ndimu tia mwishoni. Pigia hesabu kwamba kilo moja mbichi itabaki kama nusu kilo ikiiva.

Kamba wenye mayai ndio watamu, lakini nimeambiwa ni kosa kuwanunua. Na kaa je? — Msomaji, Malindi, Kenya

Kwanza tutenganishe. Kambamiti hawabebi mayai nje ya mwili. Huyaachia majini. Kwa hao alama hiyo haipo, na unachoangalia ni ukubwa. Wanaobeba mayai chini ya mkia ni kamba kochi na kaa. Mgeuze kamba kochi chali. Ukiona kitu kama shanga ndogo za rangi ya chungwa au kahawia zimeshikana chini ya mkia, mwache. Ukiona pale chini pamekwanguliwa na vile vijani laini vimechanika, kuna mtu aliyaondoa mayai ili auze. Huyo mkatae kwa sauti wengine wasikie.

Kaa wa mikoko mtazame kifuniko cha tumboni. Dume ana kifuniko chembamba chenye ncha, cha pembetatu. Jike aliyepevuka ana kifuniko kipana cha mviringo. Nunua dume. Ana magando makubwa na nyama nyingi zaidi, kwa hiyo hupotezi kitu. Kisha mbonyeze ganda la tumboni karibu na miguu ya nyuma: likibonyea, kaa huyo amejivua gamba karibuni na ndani ana maji kuliko nyama.

Kuhusu kambamiti, wanaovuliwa kwa mikono na nyavu ndogo kwenye delta na mito ni bora kuliko wa meli za kukokota nyavu, ambazo huzoa samaki wengine wengi wasiotakiwa na kuwatupa wakiwa wamekufa.

Babu yangu alikula nyama ya kasa hadi uzeeni. Kwa nini leo mnatutisha? — Kijana wa Pemba

Kwa sababu inaua. Baadhi ya kasa hubeba sumu inayotokana na wanavyokula, haionekani, haina ladha, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuipinga. Machi 2024 huko Kisiwa Panza watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine makumi walilazwa. Babu yako alipata kasa asiye na sumu. Hakuna njia ya kumtambua mwenye nayo. Zaidi ya hayo kasa analindwa kisheria. Hatuna shauri jingine.

Niko Nairobi, sina bahari wala ziwa karibu. Nanunua tilapia wa friza na jodari wa kopo supamaketi. Nisome nini kwenye lebo? — Msomaji, Umoja

Kwenye kopo, tafuta jina la kisayansi, kwa maana neno jodari peke yake linafunika samaki kadhaa. Katsuwonus pelamis ndiye mwepesi wa kukua na anayestahimili zaidi. Thunnus albacares na Thunnus obesus ni wakubwa na huchelewa zaidi kukua. Kisha tafuta alikovuliwa: FAO 51 ni Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi, FAO 57 ni upande wa mashariki. Mwisho ni namna ya kuvua. Maneno pole and line yana maana ya fimbo na ndoana, samaki mmoja mmoja, kama wafanyavyo watu wa Maldives. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote za kopo. Meli za nyavu kubwa zinazozunguka maboya ya kuelea hukamata pamoja nao jodari wachanga na papa waliokuja kivulini.

Nembo ya buluu ya MSC ni ya samaki wa kuvuliwa, ya ASC ni ya samaki wa kufugwa. Ni msaada mzuri kwa bidhaa za kiwandani. Lakini usimhukumu mvuvi wa Shimoni au Kilwa kwa kukosa nembo. Ukaguzi wake ni ghali, na vijiji vingi vinavyovua vizuri kabisa havitaweza kuulipia.

Tilapia wa kufugwa kwenye vizimba au mabwawa tunamuunga mkono, kwani chakula chake hakihitaji unga mwingi wa samaki ukilinganisha na samoni, ambaye ni mla nyama. Soma nchi alikotoka na tarehe ya kugandishwa. Pakiti yenye barafu nene nyeupe ndani ni dalili kwamba iliyeyuka ikagandishwa tena. Ukienda Gikomba kwa samaki wa ziwani, kumbuka vipimo viwili: ngege (tilapia wa ziwani) asiwe chini ya sentimita 25, mbuta (sangara) asiwe chini ya sentimita 50. Kwa mbuta aliyekwisha kukatwa minofu kipimo kinakufa, na wachanga hupitia humo. Ndiyo sababu tunapendelea umnunue mzima au nusu yenye kichwa. Omena, yaani dagaa wa ziwani, wanunue bila wasiwasi, ila wachague walioanikwa juu ya chanja. Walioanikwa chini utawasikia kwa mchanga kwenye meno.

Assalaam aleikum. Hapa Maskati nguru hutoweka sokoni kila mwaka wakati fulani, kisha mtu anakuletea kimyakimya. Ni halali kununua? — Msomaji, Maskati

Waaleikum salaam. Oman hufunga uvuvi na biashara ya nguru, kan'ad kwa jina la huko, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ili azae. Anayekuletea kimyakimya ndani ya tarehe hizo anakuingiza kwenye kosa lake. Msimu ukifunguliwa, usikubali aliye chini ya sentimita 65, ndicho kipimo cha nchi hiyo. Na tungependa wasomaji wa Mombasa na Dar walisome jibu hili pia, maana tathmini za tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, zimemweka nguru miongoni mwa samaki wanaovuliwa kupita kiasi, na ni bahari moja.

Kwetu Lamu mchuzi wa papa mkavu ni chakula cha wazee. Mnataka tuache? — Mama, Lamu

Tunataka upungue sana, mama, na kwa papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, uishe. Papa haachii mayai kwa maelfu kama changu. Wengi hubeba mimba miezi mingi, huzaa watoto wachache, na baadhi hungoja zaidi ya miaka kumi kabla ya uzazi wa kwanza. Bahari ikivuliwa papa kwa kasi ya vibua, hapana shaka wataisha. Tena papa wakubwa hukusanya zebaki mwilini, jambo ambalo wajawazito na watoto wadogo wanapaswa kuliepuka.

Ladha unayoitafuta inatokana kwa sehemu kubwa na chumvi na jua. Chukua sehewa wa kilo moja, mpasue mgongoni, mfungue bapa, mkate mikato ya sentimita mbili mbili hadi karibu na ngozi, kisha msugue kwa gramu 250 za chumvi ya mawe. Mlaze usiku mzima chini ya kizito mahali penye baridi, maji yachuruzike, asubuhi msuuze na umwanike juu ya wavu, si chini, siku tatu au nne za jua kali, ukimwingiza ndani jioni. Mpike vilevile kwa nazi, ukwaju na bilinganya.

Samaki wangu huharibika kabla sijafika nyumbani Mbezi. Barafu kiasi gani? — Msomaji, Dar es Salaam

Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Chini ya hapo barafu inaisha njiani. Itumie iliyopondwa, mabonge makubwa hayagusi mwili wote. Panga safu ya barafu, safu ya samaki, umalizie na barafu juu, na maji yawe na pa kutokea. Mwombe muuzaji atoe matumbo na matamvua palepale.

Kwa jodari, sehewa, vibua na nguru, hili ni la usalama. Wakikaa kwenye joto saa chache, vijidudu hutengeneza kemikali yenye madhara iitwayo histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Mlaji huhisi ladha kama ya pilipili ulimini, uso hushika wekundu, mwili huwasha na kichwa hugonga. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali. Friza ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, vibua watumie ndani ya miezi miwili au mitatu kwa sababu mafuta yao hugeuka ladha, changu hadi miezi sita. Gandisha kwa vifurushi vya mlo mmoja. Kilo inayoyeyushwa yote ili utumie robo ndiyo inayoishia jalalani, na samaki huyo amevuliwa bure.

Nikimuuliza mchuuzi kama samaki wake ni endelevu ananishangaa. Niulizeje? — Mwalimu, Bagamoyo

Usitumie neno hilo, mwalimu. Uliza anayoyajua: "Wa mshipi au wa nyavu? Ameshukia wapi? Wa usiku au wa asubuhi?" Mchuuzi anayenunua mwenyewe mwaloni hujibu bila kufikiri. Anayesita kwa yote matatu amenunua kwa dalali wa tatu au wa nne, na samaki wake pia si wa leo. Uliza haya hata siku ambayo hununui. Kisha agiza mapema: "Ijumaa niwekee tasi kilo mbili wa dema, chini ya shubiri sichukui." Mchuuzi mwenye oda mkononi ndiye anayeweza kumwambia mvuvi samaki gani asimletee.